Dumuzi kwenye mahindi: dawa iwe hatua ya mwisho

Mfanyabiashara wa Kakoba, mjini Mbarara, anayenunua mahindi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, mara nyingi hununua na wadudu waliomo. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958, na wakulima wake huuza sehemu ya mavuno yao. Mdudu mbaya zaidi ni dumuzi, ambaye Kenya amepachikwa jina la Osama. Alionekana Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, akasambaa na biashara ya nafaka.

Wapo wanaokimbilia vidonge vya fosfidi ya alumini. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na aliyeivuta hana dawa ya kuiondoa mwilini. Kuvitia kwenye magunia na kupakia siku hiyo hiyo ni hatari tupu: gesi hutoka safarini, na utingo aliyelala chini ya turubai ndiye anayeivuta. Wadudu nao hawafi wote, maana gesi huvuja, na wanaopona huzaa kizazi kinachostahimili dawa. Kazi hiyo hufanywa na mtu aliyefunzwa. Shehena hufunikwa kwa plastiki isiyopitisha hewa kwa siku kadhaa, kisha hupigwa upepo kabla ya kupakiwa.

Udhibiti husishi wa wadudu huanza mapema zaidi. Mahindi huanikwa juu ya turubai, si chini, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo ukungu unaoleta sumukuvu nao hupungua. Sumu hiyo ndiyo iliyoifanya Kenya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania Machi 2021. Stoo hufagiwa, punje za zamani huondolewa. Lori pia, hasa nyufa za bodi, ambazo madereva wengi huzisahau.

Kwa mzigo unaosubiri bei, kuna mifuko ya PICS iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Ina plastiki mbili ndani ya gunia. Hewa huisha, wadudu hufa bila dawa. Bei yake ni juu kuliko gunia la kawaida, na kulabu ya mpakiaji ikiitoboa, fedha imepotea.

Dawa ikilazimu, iwe iliyosajiliwa kwa nafaka ya kuhifadhi, yenye lebo. Mbarara ni nchi ya ng'ombe, dawa ya kupe haikosekani dukani. Hiyo haiwekwi kwenye mahindi hata kidogo.