Simba Yuleyule

Mwaka 2019, nikiwa likizo Mwika, nilimwekea bibi The Lion King mpya kwenye laptopu. Baada ya dakika kumi akauliza, "Mjukuu wangu, huyu si yule simba wa kwenye mkanda wa mjomba wako?" Nikamjibu ndiye, ila yule wa 1994 ni wa katuni, huyu katengenezwa na kompyuta afanane na simba wa kweli. "Sasa wamemrudia wa nini, kama hawana jipya la kusema?" Akarudi kwenye maharage yake.

Swali hilo nimelibeba hadi shahada ya uzamili. Mwaka 2024 Disney wakaongeza Mufasa, na mimi nikazidi kukereka. Marekani haikuanza jana kuchota kwetu. Mwaka 1952 ilitoka The Snows of Kilimanjaro. Mwaka 1962 ikatoka Hatari!, John Wayne akiwinda wanyama wa kupeleka kwenye bustani, nayo ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha. Mlima na mbuga vilipamba, hadithi ilikuwa ya wageni.

Lakini kurudia chenyewe si kosa. Mjomba alikuwa na kibanda umiza njia ya sokoni: televisheni moja, deki, mabenchi ya mbao. Filamu ileile aliionyesha Jumamosi nne mfululizo na watu walilipa tena, kwa sababu alisimama pembeni na maikrofoni akitafsiri, kila wiki kivingine. Leo komandoo kadhulumiwa kihamba na kaka yake. Wiki ijayo anadaiwa mahari. Lufufu alijulikana nchi nzima kwa kazi kama hiyo, sauti yake ikisafiri kwenye kanda. Bibi naye alirudia hadithi za sungura, ila sungura wake alijua nani kagombana na nani kijijini.

Kisha vikaja ving'amuzi, na tamthilia za Kituruki kama Sultan, iliyoingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa Azam TV. Kila nyumba ikajifungia na yake. Kibanda kikafa, mjomba sasa anauza vocha.

Mwaka jana nilimwomba atafsiri tena, nimrekodi kwa ajili ya tasnifu yangu. Alishika simu kama maikrofoni, akaanza vizuri, dakika ya tatu akanyamaza. Tulikuwa wawili tu sebuleni.

"Mimi nilikuwa naongea na watu, mwanangu," akasema. "Siyo na filamu."

Hakuna hata kanda moja ya sauti yake iliyobaki.