Santrali ya Mwadingusha: mayi ya Lufira na shaba ya Shituru

Wasikilizaji wengi wa Likasi wanajua Mwadingusha kwa jina tu, siku kura ikikatika. Santrali ile ilianza kazi 1930, kwenye maporomoko ya mto Lufira. Union Minière waliiita Francqui. Barazi yake ndiyo ilizaa ziwa Tshangalele, ambamo watu wanavua samaki mpaka leo.

Kompani ilihitaji kura nyingi juu ya Shituru. Pale shaba inayeyushwa kwa asidi, kisha kura inaivuta toka ndani ya mayi na kuibandika kwenye mabati, polepole, siku nyingi, usiku na mchana. Kura ikikatika, asidi inaanza kuila tena ile shaba iliyokwisha kushika. Ndiyo maana kwa santrali hapakuwa mambo ya kusema "tutamalizia kesho".

Kazi ilikuwa ya zamu, posti tatu kwa siku. Mwenye mafuta alizunguka mashini, anagusa beringi kwa mgongo wa mkono, anasikiliza. Mlio ukibadilika kidogo tu, anaita. Wengine nje walitoa nyasi na miti kwenye vyuma vinavyochuja mayi kabla ya kuingia kwenye mabomba; bila hiyo, turbini inakosa nguvu. Makelele yalikuwa mengi, na watu walisemezana kwa mikono. Meza ya kuongozea, yenye saa na mikono ya kukatia, ilikaa kwa Wazungu. Mwafrika aliyeijua kazi yote kwa masikio alibaki na kopo la mafuta, na mshahara wake ulikuwa mbali sana na wa yule aliyekaa mezani.

Tofauti ile ilichoma. Desemba 1941, bei zimepanda juu ya vita, wafanyakazi wa Shituru na Panda waligoma. Mgomo ukafika Élisabethville, na tarehe 9 askari walipiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa siku ile.

Baadaye zikaja Koni (1950), Nzilo (1952) na Nseke (1956), na kura ya Katanga ikavuka mpaka kwenda migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwadingusha yenyewe imefanyiwa matengenezo, na 2021 mashini zake sita zilizunguka tena zote. Ila kule kwa mitaa yetu, delestaji iko palepale.