Homa ya Bonde la Ufa, mbali na bonde

Jina la ugonjwa likitaja mahali, msikilizaji hudhani ndiko hatari iliko. Homa ya Bonde la Ufa ilipewa jina hilo kwa sababu kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1930, kondoo walipokufa shambani karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Lakini milipuko mikubwa iliyoanza mwishoni mwa 1997 na mwishoni mwa 2006 iliwapiga vibaya watu na mifugo wa Garissa, mashariki mwa bonde hilo, baada ya mvua nyingi kufurika tambarare. Mayai ya mbu wanaoeneza kirusi hicho hustahimili ukavu ardhini kwa muda mrefu, kisha maji huyaangua. Kinachostahili kuogopwa, basi, ni mafuriko.

Wapo watakaosema jina ni alama tu, na kulibadili kutavuruga kumbukumbu za maabara. Hoja hiyo ina uzito. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015, unaoshauri majina ya mahali yaepukwe, ulilenga magonjwa mapya. Ila mfugaji hasomi kumbukumbu za maabara. Wafugaji Wasomali wa Kaskazini Mashariki wana neno lao, sandik, linalotaja damu itokayo puani mwa mnyama. Hiyo ni dalili ambayo mfugaji anaweza kuiona malishoni, kabla hajachinja mnyama mgonjwa au kunywa maziwa mabichi. Vitabu vibaki na jina lao. Tangazo la redio Garissa lianze na sandik.