Jahannam katika Maandiko ya Kale ya Wakristo



Mto Nabuyonga ulipofurika hapa Mbale mwishoni mwa Julai 2022 na kuua watu, tulisikia neno moja kwa Waislamu na kwa Wakristo: "Hii ni adhabu." Tulishangaa, kwani Mtume (s.a.w.) amemhesabu Muislamu aliyekufa maji kuwa miongoni mwa mashahidi. Ndipo mwanafunzi wetu mmoja, ambaye bibi yake mzaa mama ni Mkristo, akauliza: "Sheikh, Jahannam yao na yetu ni moja?"

Tuanze na neno lenyewe. Ge Hinnom, kwa Kiebrania, ni bonde lililo kando ya Jerusalem. Wagiriki wakaliita Geenna. Biblia ya Kiganda ina Ggeyeena, ya Kiswahili ina Jehanamu, nasi tunasema Jahannam. Katika Agano Jipya neno hilo limo mara 12, na 11 kati ya hizo zimo katika maneno anayonasibishiwa Nabii Isa (a.s.). Paulo, ambaye barua zake ziliandikwa kabla ya Injili zile nne, hakulitumia hata mara moja. Na maelezo ni mafupi: moto, giza, kusaga meno.

Basi picha zile za kutisha zimetoka wapi? Nyingi zimo katika kitabu cha karne ya 2 kiitwacho Ufunuo wa Petro. Makanisa mengine yalikisoma, mengine yakakikataa, na mwisho kikabaki nje ya Biblia. Kwa Kigiriki vimebaki vipande tu. Kimoja kilifukuliwa kaburini huko Akhmim, Misri, katika msimu wa 1886 na 1887. Nakala ndefu imesalia kwa Kigeez, lugha ya kale ya Uhabeshi, nchi ya Najashi aliyewapokea Masahaba. Mfaransa Sylvain Grébaut aliichapisha kati ya 1907 na 1910.

Humo waliotukana njia ya haki wananing'inizwa kwa ndimi zao. Matajiri waliowasahau mayatima na wajane wamevaa matambara juu ya mawe ya moto. Wala riba wamesimama hadi magotini katika ziwa la usaha na damu. Msomaji wa Bukhari atakumbuka mla riba katika mto wa damu. Hatusemi nani kachukua kwa nani; tunasema riba iliogopwa kote.

Hata hivyo Wakristo wa kale hawakuafikiana juu ya muda wa adhabu. Origen wa Alexandria, wa karne ya 3, aliona moto ni wa kutakasa na una mwisho. Augustine, aliyefariki mwaka 430, alisema ni wa milele, na kauli yake ndiyo iliyoshika makanisa ya Magharibi, na kutoka huko wamisionari wakaileta kwetu.

Lakini Ufunuo wa Petro wenyewe una jambo ambalo wahubiri wa barabarani hawalitaji. Petro anawalilia wakosaji, naye anaambiwa kwamba yeye hawezi kuwahurumia kuliko Mungu aliyewaumba. Katika kipande cha Kigiriki, wema wanawaombea waliomo motoni, nao wanatolewa. Watoto walitukumbusha mara moja somo letu la shafaa. Nakala ya Uhabeshi imeongeza onyo: habari hii iwe siri, wakosaji wasiisikie wasije wakazidi kukosa. Tulipoeleza hilo darasani, wazazi waliokaa nyuma walicheka sana.

Wallaahu a'lam.