Waliochinja Ng'ombe Hawakuruhusiwa Kofia

Wasee, hizo video mmeziona mpaka mmechoka. Meza ina shimo katikati. Weita analeta makaa yameiva, mekundu, anayashusha kwenye shimo na kuweka wavu juu. Vinafuata visahani: kimchi, figili, mboga za ufuta, rundo la letasi. Nyama inakuja kwenye sinia, imepangwa kama vito, na inakatwa kwa makasi. Simu inasogezwa karibu tusikie mafuta yakilia. Bili hatuonyeshwi kamwe.

Nimekula hivyo mara moja hapa Nairobi, kwa kualikwa, na siwezi kujifanya eti haikubamba. Ilikuwa tamu vibaya. Lakini kuna swali lilinikaa kichwani: hii nyama ya ng'ombe ilianza lini kuwa kitu cha wenye doh Korea? Nikaenda kusoma. Nilichopata hakiko kwenye menyu yoyote.

Tuanze na ng'ombe mwenyewe. Ufalme wa Joseon uliingia madarakani Korea mwaka 1392 na ukakaa zaidi ya miaka mia tano. Kwa mkulima wa wakati huo ng'ombe ndiye alikuwa trekta. Ukimla leo, kesho nani atalima? Kwa hivyo serikali ikapiga marufuku kuchinja ng'ombe bila kibali. Halafu ikapiga marufuku tena. Na tena. Mkenya hahitaji kuelezwa maana ya sheria inayotangazwa kila baada ya miaka michache. Maana yake hakuna anayeifuata, hasa wale wa juu.

Kufikia karne ya 18, wakubwa wa Hanyang, ndiyo Seoul ya leo, walikuwa na desturi yao ya msimu wa baridi. Wanakaa kuzunguka jiko la makaa, wanachoma nyama ya ng'ombe na kula hapo hapo ikiwa moto. Mkusanyiko huo uliitwa nanrohoe. Ipo michoro ya zamani inayoonyesha watu wa aina hiyo, vijiti mkononi, macho yote kwenye jiko. Ukiangalia ile meza yenye shimo utaona ni mjukuu wa jiko hilo. Msomi mmoja wa enzi hizo, Park Je-ga, aliandika kwamba nchini kwake ng'ombe 500 walichinjwa kila siku. Kila siku, na sheria ya kukataza bado ipo!

Sasa hapa ndipo niliposimama nikacheka peke yangu. Mjini Hanyang, nyama ya ng'ombe iliuzwa na nani? Na watumishi wa Seonggyungwan, chuo kikuu cha taifa. Ndiyo, chuo. Wasomi waliokuwa wakikariri maadili ya Confucius walihitaji nyama mezani, kwa hivyo watumwa wa chuo, walioishi kijiji chao pembeni, wakaruhusiwa kuchinja na kufungua bucha mjini. Na kwa kuwa kuchinja bado kulikuwa kosa, ofisi za sheria zikawa zinawatoza faini. Faini ya kawaida, inayolipwa kila mara, mpaka ikawa kodi. Kosa likageuka leseni. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hilo somo ningelihudhuria bila kukosa.

Nje ya mji mkuu, kazi ya kisu iliachiwa watu walioitwa baekjeong. Hao ndio walichinja, wakachuna ngozi, wakasuka vikapu. Na kwa sababu mikono yao iligusa damu, walihesabiwa wachafu, wao, watoto wao na wajukuu wao. Waliishi kando. Hawakuruhusiwa kuvaa hariri wala kuezeka nyumba kwa vigae. Mzee wa baekjeong alilazimika kumnyenyekea hata mtoto wa mtu wa kawaida. Na hawakuruhusiwa ile kofia nyeusi ya manyoya ya farasi unayoiona kwenye kila drama ya Kikorea ya zamani. Kofia hiyo ndiyo iliyosema huyu ni mwanamume kamili. Wenzetu hawa waliachiwa ya mianzi.

Hebu fikiria: nyama ni ya heshima, mlaji ni wa heshima, hata jiko ni la heshima. Aliyeikata ndiye takataka.

Mwaka 1894 serikali ilifuta matabaka hayo kwenye karatasi. Mwaka uliofuata baekjeong wakaomba rasmi kofia, wakaruhusiwa. Mmoja wao, mchinjaji wa Seoul aitwaye Bak Seong-chun, alikuwa ameugua homa ya matumbo akatibiwa na Oliver Avison, daktari yule yule aliyemtibu mfalme. Mwaka 1898 Bak alisimama mbele ya umati Seoul akahutubia, pamoja na maafisa wa serikali. Mwanawe, Bak Seo-yang, alikuwa mmoja wa wanafunzi saba wa kwanza kuhitimu udaktari katika shule ya Avison, mwaka 1908. Mtoto wa bucha, daktari. Kisu ni kile kile, heshima ndiyo tofauti.

Lakini karatasi ni karatasi. Aprili 1923, mjini Jinju, kusini mwa nchi, wachinjaji na marafiki zao waliunda chama cha Hyeongpyeongsa, huku Korea ikiwa chini ya Japani. Hasira ilikuwa rahisi kuelewa: hata mchinjaji tajiri hakuweza kumwingiza mtoto wake shule. Jina la chama linatokana na mizani, chombo cha kazi yao. Watu wa kawaida, nao wakiwa chini ya ukoloni, walijibu vipi? Jinju walianzisha mgomo wa kutonunua nyama. Mwaka 1925 kule Yecheon wakawavamia wanachama na kuwapiga. Watu walioonewa na Mjapani walipata bado muda wa kumwonea jirani. Hilo limenikaa kooni kuliko yote.

Mengine mnayajua. Vita vikaja 1950, kisha viwanda, kisha pesa. Mashine zikachukua jembe, na yule ng'ombe wa kulima, hanwoo, akawa nyama ghali inayopangwa kwa madaraja, 1++ ikiwa juu kabisa. Suwon, mji wenye soko kubwa la ng'ombe tangu zamani, ukapata jina kwa mbavu zake. Familia za mjini zikaanza kwenda kula mbavu za makaa kwa gari, Jumapili.

Na baekjeong? Neno lenyewe leo liko kwenye ubao wa mkahawa maarufu wa kuchoma, ulioanza kwa jina la Kang Ho-dong, mwanamieleka aliyegeuka mtangazaji wa TV. Ulifika mpaka Los Angeles, watu wakapiga foleni. Kuna watakaosema tusi limekombolewa. Mimi naona ni mapema, kwa sababu tusi hukombolewa na aliyetukanwa, na hapa aliyetukanwa haonekani. Vita vilitawanya vijiji, watu wakahamia miji ambayo hakuna aliyewajua, na familia zikanyamaza. Ni nadra leo kusikia Mkorea akisema babu yangu alikuwa baekjeong. Huenda yuko pale meza ya dirishani na watoto wake, anageuza mbavu kwa koleo, na hata yeye hajui.