Sheria ndogo: wananchi walipoulizwa na walipoamriwa

Januari 1945 maelfu ya wanaume wa Upare waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Hawakuja na silaha. Walikuja kukataa mbiru, kodi mpya iliyotaka kila mtu apimwe mali yake ndipo apangiwe kiasi cha kutoa. Kodi ya kichwa walikuwa tayari kuilipa kama zamani. Walichokataa ni hii ya pili, iliyopitishwa na machifu wao pamoja na maofisa wa serikali bila mlipaji kuulizwa lolote. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakajitosa, maana waume waliokaa Same waliacha mashamba na nyumba mikononi mwao. Mwishowe mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo aliiandikia kitabu mwaka 1971, na hadi leo sijaona kisa kinachoeleza vizuri zaidi jinsi amri ya wilaya inavyoweza kuwa halali kwenye karatasi na bado ikakosa wa kuitii.

Mizizi ya amri hizo ni sheria ya mwaka 1926, ya Donald Cameron, gavana Mwingereza wa Tanganyika. Kabla ya Waingereza, Wajerumani walikuwa wametawala kupitia maakida na majumbe, maakida wengi wakiletwa kutoka mbali na watu waliowatawala. Cameron alitaka watawala wa jadi wenyewe wapewe baraza, mahakama na hazina, pamoja na uwezo wa kutoa amri katika maeneo yao: nani apike pombe na lini, nani achome mapori, nani alime zao gani. Kwa maneno ya sheria, amri ilikuwa ya chifu. Kwa vitendo, mara nyingi ilitoka kwa bwana shauri Mwingereza, na chifu akatia muhuri. Habari ikamfikia mkulima kwa mbiu ya mgambo au kwa tangazo la siku ya gulio, jambo likiwa limekwisha kuamuliwa.

Miaka kumi baada ya Same ikawa zamu ya Waluguru. Serikali ilihofia mmomonyoko wa udongo kwenye Milima ya Uluguru, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa mito inayoshuka kule ndiyo inayonywesha Morogoro na Dar es Salaam. Tiba iliyoamriwa ilikuwa kuchonga ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, aliyekaidi alitozwa faini, na mahali pengi ngazi zilifukua udongo usio na rutuba, mahindi yakadumaa. Julai 1955, huko Matombo, watu walikusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba wananchi hupinga maendeleo kwa kutoelewa. Waluguru walielewa udongo wao kuliko bwana shamba aliyetumwa na kitabu chake.

Si kila baraza lilikuwa hivyo. Uchaggani, chini ya Mangi Mkuu Thomas Marealle, baraza lilikuwa na gazeti lake, Komkya, katika miaka ya 1950. Mkazi aliyejua kusoma aliweza kufuatilia mambo ya baraza bila kusubiri mnyapara apite. Gazeti la namna hiyo lilikuwa mbele ya wakati wake, na wilaya nyingi leo hazina kitu cha kulinganisha nalo.

Uhuru ulileta madiwani badala ya machifu, ambao mamlaka yao yalifutwa mwaka 1963. Halmashauri za madiwani hao zilibebeshwa shule za msingi, zahanati na barabara, huku mifuko yake ikiwa mitupu. Mwaka 1969 serikali kuu iliziondolea vyanzo vyake vikubwa vya fedha, ikiwamo kodi ya wilaya na ushuru wa mazao. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa kwa jina la Madaraka Mikoani, na za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Madaraka kweli yalikwenda mikoani, ila yalikwenda na maofisa kutoka wizarani. Diwani, mtu ambaye mkazi angeweza kumgongea mlango usiku, akatoweka. Miji ikajaa taka, mifereji ikaziba, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 Bunge likarudisha halmashauri za miji. Za wilaya zilisubiri sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika.

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ndiyo inayotumika wilayani mpaka sasa, pamoja na marekebisho yake. Halmashauri ikitaka kutunga sheria ndogo inapaswa kwanza kuwatangazia wakazi kusudio lake, ieleze yaliyomo, na kuwapa muda wa kuleta pingamizi kwa maandishi. Baada ya hapo rasimu huingia kwenye Baraza la Madiwani, hupelekwa kwa waziri, na ikikubaliwa huchapishwa kuwa Tangazo la Serikali. Kijiji nacho kina uwezo huo: halmashauri ya kijiji huandaa, mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, hujadili, kisha halmashauri ya wilaya huidhinisha. Hatua ya matangazo na pingamizi ndiyo iliyokosekana Upare mwaka 1945. Kwa bahati mbaya ndiyo inayorukwa kwa wepesi zaidi leo: karatasi moja hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, mvua ikainyeshea, na kazi ikahesabiwa imefanyika.

Inapofanywa kwa dhati, mambo hubadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, kuwa hifadhi yake. Wanavijiji waliposikia mipaka inapimwa waliingia msituni kukata walichoweza kabla hawajafungiwa. Mwaka 1994 maofisa wakabadili shauri. Wakaketi na vijiji vinane vinavyouzunguka msitu huo wenye hekta zipatazo 9,000, Riroda na Gidas vikiwamo, wakauliza: mkiachiwa nyinyi, mtaulindaje? Kila kijiji kikakaa mikutano yake, kikaamua sehemu ya kuokota kuni, sehemu ya malisho, mti usioguswa, na faini ya atakayekiuka. Walinzi walikuwa vijana wa kijiji. Maamuzi hayo yakaandikwa kuwa sheria ndogo za vijiji, na mwaka 1995 Halmashauri ya Babati ikaziidhinisha. Uchomaji mkaa ukapungua, chemchemi zikarudi, na wilaya nyingine zikaja kujifunza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilipotambua misitu ya hifadhi ya vijiji nchi nzima, ilikuwa inafuata njia ambayo Babati ilikwishaipita.

Upande wa kodi umekwenda polepole zaidi. Kodi ya maendeleo, iliyorudi pamoja na halmashauri na kuwafanya wanaume wajifiche mashambani mgambo wakipita, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na shehena isiyofika tani moja ikaachiwa ipite kutoka halmashauri moja hadi nyingine bila ushuru. Mkulima anayepeleka magunia matatu ya mahindi mjini ana haki ya kulijua hilo kabla hajafika kwenye kizuizi. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za nchi, kwa hiyo lugha haiwezi tena kuwa kisingizio cha rasimu kubaki kabatini. Rasimu isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, ukurasa kwa ukurasa, na mkazi mwenye pingamizi aliandike, alipeleke kwa mtendaji wa kata, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.