Tawala Zilivunjwa, Majina Yakabaki

Asubuhi katika stendi ya Kahama, makondakta huwaita abiria wa njia ya magharibi: "Masumbwe, Ushirombo, Runzewe!" Abiria anawaza nauli na mzigo wake. Ni wachache wanaokumbuka kuwa Ushirombo ilikuwa nchi ya mtemi, na kwamba mapadre wa White Fathers walianzisha misheni humo mwaka 1891.

Jina kudumu kuliko utawala uliolizaa ni jambo la kale. Warumi walipoiteketeza Carthage mwaka 146 kabla ya Kristo, jimbo waliloliunda huko, sehemu ya Tunisia ya leo, waliliita Afrika. Dola yao ilikwisha, lakini jina la jimbo likaenea bara zima, hadi Usukumani ambako jeshi la Roma halikufika.

Chini ya Waingereza, Kahama ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Shinyanga na Geita zilikuwa katika Jimbo la Ziwa, makao yake Mwanza. Watemi walitawala chini ya mabwana hao, na mmoja wao, Kidaha Makwaia wa Busiya, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utemi kisheria. Majimbo nayo yakawa mikoa.

Majina yakagoma kufutika. Wilaya ya Kahama ilipogawanywa mwaka 2012, halmashauri mpya zilipewa majina ya tawala za zamani: Msalala na Ushetu. Leo Msalala imo kwenye mihuri, leseni za biashara na risiti za ushuru, na mgodi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, umo ndani ya mipaka yake. Mwaka huohuo wa 2012 Bukombe, ambayo makao yake ni Ushirombo, ilitolewa Shinyanga ikapelekwa mkoa mpya wa Geita. Mkoa ulibadilika, Ushirombo ikabaki Ushirombo. Huko Kishapu nako, tamasha la Sanjo ya Busiya, lenye jina la utemi wa Kidaha, bado hukusanya watu kwa ngoma.

Serikali huchora mipaka, lakini jina hulindwa na wanaolitaja wakiposa, wakizika na wakidaiana. Halmashauri zinazokula ushuru kwa majina haya zina deni: ziandike historia za watemi wake na kuzipeleka shuleni, wazee wanaozijua wakiwa bado hai.